Geita 1958: kwanini watu walimruka mtemi na DC wakaja Mwanza kwa PC

Kisa cha Geita mwaka 1958 huwa kinapewa mstari mmoja tu kwenye habari za kupigania uhuru, "wananchi walipinga baraza la mseto", basi watu wanapita. Mimi naona hapo ndo pa kukaa kabisa, kwa sababu ukikielewa vizuri hiki kisa kimoja unakuwa umeielewa serikali ya Mwingereza ilivyopangwa kuanzia London mpaka kwa mwanangwa, yule kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, na unaona kabisa ni wapi ilikuwa imeoza.

Kisa chenyewe kiko hivi. Serikali ilileta Geita baraza la wilaya lenye watu wa rangi zote, Waafrika, Wahindi na Wazungu, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1953. Watemi, yaani machifu, wa wilaya ile walikubali. Wananchi wakasema hatulitaki, na hatukuulizwa. Wakapaza sauti kule kule Geita, haikusaidia kitu, wakaamua kuja Mwanza, ng'ambo ya ghuba, kumwona PC, yaani mkuu wa jimbo, wa Jimbo la Ziwa ana kwa ana. Siku hizi unavuka pale Kigongo na Busisi juu ya daraja la kilomita 3, dakika chache uko upande wa pili, wao hawakuwa na hiyo bahati, mtu alikuwa anaacha shamba na ng'ombe zake anafunga safari, anafika mjini anakaa anasubiri. Mwisho wake polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi na virungu, viongozi wao wakakamatwa.

Sasa swali langu ni moja: kwanini PC? Geita palikuwa na DC, yaani mkuu wa wilaya. Palikuwa na watemi, kila mmoja na baraza lake, na mahakama yake, na hazina yake. Palikuwa na wanangwa kila kona. Serikali ilikuwa imejaa tele, alafu watu wanaona hakuna hata mmoja wa kumpelekea shida yao mpaka wavuke ghuba.

Tuanze juu. Tanganyika kisheria haikuwa koloni kama Kenya, Mwingereza aliipata baada ya kumtoa Mjerumani, Mwanza yenyewe iliingia mikononi mwake Julai 1916, na baadae Ushirika wa Mataifa ukamkabidhi aiangalie kwa dhamana, mwaka 1922. Baada ya vita ya pili dhamana ikahamia Umoja wa Mataifa. Lakini uendeshaji ulikuwa ule ule wa kikoloni. Juu kabisa London kuna Waziri wa Makoloni, chini yake Gavana Dar es Salaam, na Gavana huyo ndo kila kitu, sheria anasaini yeye, watu anateua yeye. Pembeni yake ana Baraza la Utendaji la wakubwa wa idara, na Katibu Mkuu wa Serikali ambaye mafaili yote yanapita kwake. Kuanzia 1926 kukawa na Baraza la Kutunga Sheria, ila msidanganyike na jina, wajumbe wote walikuwa wa kuteuliwa, wengi wao maofisa wa serikali, na Mwafrika wa kwanza hakuingia mle mpaka 1945, walipoingia Chifu Kidaha Makwaia wa huku kwetu Usukumani na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagani. Miaka karibu 20 sheria za kodi, za ardhi, za pamba zinatungwa na hakuna hata mmoja anayezilipia kwa jasho lake aliyekaa mle ndani.

Chini ya Gavana nchi ilikatwa majimbo, kila jimbo na PC wake. Jimbo la Ziwa makao yake yalikuwa hapa hapa Mwanza na lilikuwa kubwa ajabu, Usukuma yote, Geita, Ukerewe, Musoma, Bukoba, vyote vinaripoti hapa. Chini ya PC kuna DC kila wilaya, yule wazee walimwita Bwana Shauri. DC ndo alikuwa serikali ambayo mtu wa kawaida anaweza kuiona kwa macho. Anasimamia kodi, anasimamia polisi wa wilaya, ni hakimu, anakagua barabara, anakagua vitabu vya mtemi, na akisafiri anapiga hema kijijini anasikiliza mashauri. Ni kijana wa Kiingereza, mara nyingi umri mdogo kuliko wazee waliokaa chini mbele yake, na baada ya miaka michache anahamishwa anakuja mwingine anaanza upya.

Na kwa idadi walikuwa wachache sana. Hapo ndo siri ya mfumo wote ilipo. Mwingereza hakuwa na watu wala hela za kuweka mzungu kila kijiji, na Tanganyika ilitakiwa ijilipie yenyewe. Kwahiyo Gavana Donald Cameron alipokuja mwaka 1925, akitokea Nigeria, alileta ule utaratibu wa kutawala kupitia machifu, na mwaka 1926 ikatoka sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Kwa maneno ya kawaida ilisema hivi: mtemi atatambuliwa na serikali, atatoa amri kwa watu wake kuhusu mambo kadhaa, pombe, kukata miti, uchafuzi wa maji, njaa, usalama, na asipotoa amri ambayo ofisa wa serikali anaona inatakiwa, ofisa anaweza kumwagiza aitoe. Soma hapo mara mbili. Amri inatoka kinywani kwa mtemi lakini uamuzi umetoka bomani, yaani ofisini kwa DC.

Huku Usukumani hili lilikuwa jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Mtemi wa zamani hakuwa mfalme wa kufanya anavyotaka, kulikuwa na wazee wa utemi, wale banang'oma, ndo wanaomchagua kutoka kwenye ukoo, na mambo yakiharibika, mvua ikigoma, njaa ikiingia, wanaweza kumtoa. Kwahiyo alikuwa anawaangalia watu wake usoni kila siku. Mwingereza akaja akasema nautambua utemi, nauheshimu, alafu akachukua kile kitu kimoja kilichokuwa kinaufanya utemi uwe wa watu, yaani uwezo wa watu kumtoa. Sasa mtemi hawezi kuwa mtemi bila kukubaliwa na serikali, na serikali ikimchoka inamtoa hata kama watu wanampenda.

Alafu wakabadilisha na mshahara. Zamani watu walimpelekea mtemi sehemu ya mavuno na kumlimia mashamba yake. Hiyo ikafutwa, ikaingizwa kwenye kodi. Kodi ya nyumba na kichwa inakusanywa na mwanangwa, anaipeleka kwa mtemi, mtemi kwa DC, na sehemu yake inarudi kwenye hazina ya wenyeji, inamlipa mtemi, makarani wake, matarishi, mahakimu, zahanati kidogo. Kwenye karatasi inapendeza, hata mimi nakubali kwamba kulimia mtemi bure ilikuwa mzigo. Ila angalia kilichotokea: mkulima anakabidhi hela anapewa tiketi yake ya kodi, kile kikaratasi anachotakiwa kukionyesha askari akimsimamisha njiani, na mtemi mwisho wa mwezi analipwa kwa hela iliyozunguka ikapita bomani. Macho ya mtemi yakageuka kutoka kijijini yakaangalia boma. Silaumu watemi wote hapa, wapo waliojitahidi sana kuwakinga watu wao, lakini kiti walichokalia kilitengenezwa vibaya.

Mahakama nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Sheria ya 1929 iliziweka mahakama za wenyeji chini ya utawala, ukishindwa kwa mtemi rufaa inaenda kwa DC, kisha PC, kisha Gavana, haiendi Mahakama Kuu. Ilibadilishwa baadae mwaka 1951, lakini zaidi ya miaka 20 watu walishazoea kwamba anayekukamata, anayekuhukumu na anayesikiliza rufaa yako wote ni ukoo mmoja wa serikali.

Nigusie kidogo majirani zetu maana ziwa ni moja na Mwingereza alikuwa mmoja lakini alipanga vitu tofauti. Kisumu ni Kenya, koloni kamili tangu 1920, masetla wana sauti kubwa Nairobi. Kampala na Entebbe ni Uganda, nchi ya ulinzi, ambako Buganda ilikuwa na mkataba wa mwaka 1900, na baraza lake, Lukiiko, na mfalme wake, Kabaka, na bado mkataba haukumzuia Gavana Andrew Cohen kumpakia Kabaka Mutesa II ndege mwaka 1953 na kumpeleka uhamishoni mpaka 1955. Sisi watemi wetu hawakuwa hata na mkataba wa aina hiyo. Kama Kabaka anaweza kuondolewa hivyo, mtemi wa Buchosa au Karumo angejitetea na nini?

Turudi kwetu. Mwaka 1946 Usukuma yote ikaunganishwa kuwa shirikisho, makao yakajengwa Malya, kule Kwimba, watemi zaidi ya 40 wanakutana baraza moja. Likaja na mpango mkubwa wa maendeleo wa Usukuma, na humo ndo zikaja sheria nyingi nyingi, limeni matuta, pandeni mihogo, ogesheni ng'ombe, punguzeni ng'ombe, uzeni kiasi hiki kila mwaka, na watu wahamishiwe kwenye maeneo ambayo bado yana nafasi kama Geita. Nyingine zilikuwa na maana, ardhi ilikuwa imechoka kweli. Tatizo ni jinsi zilivyofika. Wataalamu wanakaa, wanaandika, Malya inapitisha, mtemi anatangaza, mwanangwa anakuja shambani kwako anahesabu, hujafanya unapigwa faini. Msukuma na ng'ombe wake mnajua wenyewe, ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima, unaambiwa uza, na anayekuambia ni mtemi wako mwenyewe kwa sauti ya mtu mwingine. Na wengi walihamia Geita humo humo, Wasukuma wakienda kukaa chini ya watemi wa Uzinza, yaani watemi ambao hata undugu wa asili nao ulikuwa mdogo. Nadhani hili lina uzito kuliko linavyopewa, mtu aliyehama hana sababu ya kumvumilia mtemi ambaye babu yake hakumjua.

Sasa ingiza siasa ya Gavana Edward Twining. Huyu alikaa kuanzia 1949 mpaka 1958 na wazo lake kubwa lilikuwa usawa wa rangi tatu. Unaposikia usawa unaweza kufurahi, ngoja uone hesabu. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria kwa upande usio wa serikali likawa na viti 30, Waafrika 10, Wahindi 10, Wazungu 10. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu elfu 20 hivi, Waasia hawafiki laki moja. Huo ndo usawa wenyewe. Na hesabu za namna hiyo zikaanza kushushwa mpaka chini, mwaka 1955 ikaundwa halmashauri ya kaunti ya mseto kwa upande wetu huu wa ziwa, haikudumu, alafu ikawa zamu ya mabaraza ya wilaya, ndo Geita ikaingia.

Kuna watu wanakisoma hiki kisa wanasema watu wa Geita walikuwa wabaguzi tu hawataki Wahindi. Mimi nakataa. Wazungu wa Geita wakati ule ni wa mgodi wa dhahabu na wa misheni, Wahindi ni wa maduka na biashara ya pamba, watu wachache sana, na walikuwa wakikaa na kuuziana na wenyeji miaka yote. Ila kumbuka mkulima wa pamba alikuwa anamjua mnunuzi kupitia mizani. Unaleta pamba yako uliyoipalilia kwa mkono, inawekwa kwenye mizani, karani anasoma namba, wewe hujui kusoma, unapewa hela. Mpaka wakulima wenyewe wakaanza kuweka watu wao wa kusimama pale pale pembeni ya mizani kusoma namba upya, na hapo ndo ulipoota ushirika, Paul Bomani na wenzake wakazunguka vijiji mpaka ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955. Vyama vile vya msingi vilikuwa na kitu ambacho serikali haikuwa nacho: mwanachama anamchagua katibu wake na mwaka unaofuata anaweza asimrudishe. Kwahiyo mtu wa Geita mwaka 1958 alishaonja kuchagua. Alafu unamletea baraza la kuamua mambo ya wilaya yake, wajumbe hajawachagua yeye, na baadhi yao ni wale wale anaogombana nao kwenye mizani. Rangi ilikuwepo ndani yake, sikatai, lakini chini ya rangi kulikuwa na swali la nani kakuweka hapo.

Basi mjiweke nafasi yake mkulima huyo mkione kisa kwa macho yake. Hataki baraza, aende wapi? Kwa mtemi, mtemi ndo kakubali, tena mwaka mmoja kabla yake Twining aliwaita machifu wa nchi nzima Mzumbe kuwaandaa wasimame upande wa serikali dhidi ya TANU, chama cha kupigania uhuru. Aende Malya, kule wamekaa watemi hao hao. Aende mahakamani, hakimu analipwa na hazina ya mtemi. Aende kwa DC, DC ndo analisukuma hilo baraza. Amtumie mwakilishi Dar es Salaam, hajawahi kupiga kura ya kumpeleka mtu Dar es Salaam. Aandike barua Umoja wa Mataifa, njia ilikuwepo kweli na watu waliitumia, ila jibu linachukua miezi na linapita kwa serikali hiyo hiyo. Ajiunge na chama, hapo sasa ndo uchungu wangu mkubwa ulipo, maana TANU ilizaliwa Julai 1954 na mwaka huo huo ikapigwa marufuku Usukumani, matawi hayasajiliwi, na hali ikabaki hivyo mpaka 1958. Watu wa Kanda ya Ziwa walikuwa na wajumbe kwenye kuizaliwa kwa TANU, alafu wao wakachelewa sana kuruhusiwa kuwa nayo kihalali.

Serikali ilidhani ukifunga chama umefunga malalamiko. Kilichofungwa ni mahali pa kuyaongelea tu. Kungekuwa na tawi Geita lenye mwenyekiti na katibu, DC angepokea barua, wangekaa, wangebishana, labda baraza lingeahirishwa kimya kimya. Hakukuwa na tawi, kwahiyo barua ikawa miguu ya watu, na kwa kuwa mlango pekee ambao haujahusika moja kwa moja na baraza lile ulikuwa wa PC, wakaja kwake. Kwa maoni yangu uamuzi wao ulikuwa wa akili kabisa, waliusoma mfumo kuliko wenye mfumo, walijua kwamba ndani ya serikali ile hakuna anayewajibika kwa aliye chini yake, kila mtu anawajibika kwa aliye juu, kwahiyo ukitaka mtu akusikilize mrukie, nenda kwa bosi wake.

PC naye alikuwa na nafasi pale. Angeweza kuwapokea, akasema nimesikia, baraza lisimame kwanza tulitazame upya. Hakuwa amezuiwa na sheria yoyote. Lakini ofisa aliyepanda ngazi miaka yote kwa kumuunga mkono ofisa aliye chini yake mbele ya wenyeji hawezi ghafla kumgeuka DC wake na watemi wote kwa siku moja, angeonekana kabomoa kila kitu. Ndo maana yakaja mabomu ya machozi. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alifikishwa mahakamani kwa kuandika kwenye Sauti ya TANU, jarida la chama, kuhusu mwenendo wa ma-DC wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au miezi 6 jela, akalipa. Kumsema DC ilikuwa kesi ya jinai, hapo pima mwenyewe mkulima wa Geita alikuwa na nafasi gani ya kusikilizwa.

Virungu havikuliokoa baraza. Twining aliondoka 1958, akaja Richard Turnbull, TANU ikaruhusiwa Usukumani kabla ya mwaka kuisha, baraza la mseto la Geita likafa na serikali ikaacha kulazimisha mseto kwenye mabaraza ya wilaya. Watemi ndo walioumia zaidi, maana serikali iliyowaagiza ilirudi nyuma na wao wakabaki vijijini na lawama zote, watu hawawasikilizi tena, wanangwa wanazomewa. Uhuru ukaja Desemba 1961 na mwaka 1963 utemi ukafutwa kisheria, na huku kwetu sikumbuki kusikia mzee hata mmoja akisema watu waliandamana kuutetea.

Lakini ukiangalia mnyororo wenyewe, kilichofutwa kilikuwa ni pingili ya chini. Mwaka 1962 nafasi ya PC ilichukuliwa na mkuu wa mkoa na ya DC ikachukuliwa na mkuu wa wilaya, sasa Watanzania wenzetu, ila bado wa kuteuliwa kutoka juu, na mpaka leo hapa Mwanza na kule Geita mkuu wa wilaya tunamwita DC na hakuna kura ya mwananchi inayomweka wala kumtoa. Kwa mtu aliyekuja kusimama mbele ya ofisi ya PC mwaka 1958 akidai aulizwe kwanza, hilo naona bado tunamdai majibu.